Mshiriki wa Nini? Tafakuri juu ya Utafiti na Wenye Mji

Mwanzoni mwa mwaka 2022 kikundi kimoja cha watafiti wa afya kiliniomba nikitafsirie fomu ya ridhaa ambayo wanakijiji wangesomewa kabla ya kutolewa damu. Fomu yenyewe ilikuwa ya kurasa nne, nami, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kutafsiri maandishi magumu kuliko hayo, nilidhani ingenichukua alasiri moja. Jambo lililoniandama tangu siku hizo, na ambalo ndilo chanzo cha insha hii, ni neno moja katika ukurasa wa kwanza. Nakala ya Kiingereza ilimtaja mtu atakayetolewa damu kwa neno lenye maana ya mtu anayetia mkono wake katika shughuli pamoja na wengine. Nikaandika mshiriki. Sikusita hata kidogo. Kamusi zote zilikuwa upande wangu.

Fomu ilipelekwa kujaribiwa katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Mombasa, nami nikaalikwa nisikilize ikisomwa. Tuliketi mikekani chini ya mwembe. Kijana aliyekuwa akisoma alipofika kwenye sentensi isemayo kwamba kila mshiriki atatolewa damu kiasi cha vijiko viwili vya chai, bi kizee mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. Hakuuliza habari za damu. Aliuliza: "Mshiriki wa nini, mwanangu? Katika shirika hili, chombo ni cha nani?"

Watu walicheka, na watafiti nao wakacheka, wakidhani kwamba bibi amefanya mzaha. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa nilitambua kwamba nimesahihishwa katika somo ninalolifundisha. Pwani, neno shirika lina historia ya mali. Watu wawili walionunua mashua kwa shirika ni washirika. Wanaijua gharama, wanalijua tanga na mpasuko wake, na siku ya samaki kuuzwa kila mmoja anakijua kilicho chake. Katika mgao wa mapato ya uvuvi chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na kila baharia ana lake. Asiye na fungu anaweza kuitwa abiria, au pengine mzigo, lakini haitwi mshiriki. Bi kizee alikuwa ameisikiliza fomu yetu kama mtu asikilizaye mkataba, akatafuta mahali panapotajwa mgao, asipaone.

Nia ya insha hii ni kulitazama swali hilo kwa makini. Siku hizi hapana maombi ya fedha za utafiti, yawe ya tiba, ya kilimo, ya mazingira au ya fasihi simulizi, ambayo hayaahidi kuwashirikisha wenyeji. Ahadi hiyo ni njema, nami ni miongoni mwa walioiandika mara kadhaa. Hata hivyo, ninadai hapa kwamba wenyeji hawashirikishwi kwa kuongezwa idadi yao katika majedwali yetu, bali kwa kupewa uwezo wa kutusahihisha na kutukatalia. Aidha, ninadai kwamba sisi wa fasihi hatuna haki ya kuwanyooshea kidole wenzetu wa sayansi, maadamu dhambi hii tuliitenda kabla yao. Nitaanza na yangu mwenyewe.

Mwaka 2006, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilikwenda Mombasa kukusanya nyimbo za wanawake zinazoimbwa harusini kwa vugo. Nilikaribishwa na mama mmoja mzee katika mtaa wa kale, akanipa alasiri zake sita. Aliimba, akafafanua, akanilisha, na kila jioni akamtuma mjukuu wake anisindikize hadi kituo cha matatu. Nilizijaza kaseti tano. Katika tasnifu yangu mama yule alikuwa "mtoa habari wa kwanza", kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuandika, na kwa kuwa nilidhani kulificha jina la mtu ndiyo heshima ya pekee anayostahili. Hakuna aliyeniambia nimuulize kama angependa jina lake litajwe. Wala mimi sikujiuliza.

Mmojawapo wa nyimbo zile ulikuwa na neno nyota likirudiwa katika kiitikio. Mimi ni mzaliwa wa bara, na Kiswahili changu ni cha shule. Niliisikia nyota ya mbinguni. Nikaiandikia kurasa kumi na nne: nyota kama kiongozi wa mabaharia, nyota kama majaaliwa ya bibi harusi, nyota kama nuru ya nyumba mpya. Msimamizi wangu alizisifu kurasa hizo. Watahini nao walizisifu. Nilipata shahada, na baadaye nikazifundisha.

Mwaka 2018 nilirudi katika mtaa ule nikiwa na nakala ya tasnifu mkononi, baada ya miaka kumi na miwili ya kuahidi moyoni kwamba nitarudi. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinipokea kwa adabu ileile ya nyumba ile, akaketi akaisoma sura yangu ya tatu huku nikinywa kahawa. Alipomaliza aliniuliza polepole, "Mwalimu, nyota hii umeitoa wapi?" Nikamwambia imo wimboni. Akasema, "Hii si nyota ya juu. Bibi aliimba kiu." Kisha akanieleza, kama amwelezavyo mwanafunzi wa darasa la nne, kwamba katika lugha ya wazee wa Mombasa nyota ni kiu, na kwamba wimbo ule ni wa mwanamke anayemngoja mtu aliye safarini hata koo likamkauka.

Mhakiki yeyote aliyezoea Kimvita angeligundua kosa hilo kwa dakika moja. Nyumba nzima ile ingeligundua. Lakini kazi yangu ilipita mikononi mwa watu watano wenye shahada, na haikupita hata mara moja mikononi mwa mtu aliyeujua wimbo. Haya ndiyo yaliyonifunza kwamba kutowahusisha wenyeji ni kosa la kimaadili na pia kosa la kitaaluma. Tasnifu yangu ilikuwa na udhalimu, naam, lakini ilikuwa pia na uongo.

Yule mjukuu hakunilaumu kwa neno. Aliniomba jambo moja tu: sauti ya bibi yake. Hawakuwa na hata kanda moja yake. Nilirudi chuoni nikazitafuta kaseti katika kabati nililoliacha. Tatu zilikuwa zimeota ukungu na utepe wake kushikana. Ya nne ilikuwa imerekodiwa juu yake mjadala wa darasani. Katika ile ya tano zilisalia dakika kumi na moja, na katika hizo mama haimbi. Anauliza kama nimeshiba.

Nimeyasimulia haya kwa sababu kisa changu hakina upekee. Historia ya taaluma yetu imejengwa juu ya watu wa namna ile. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yametufikia kwa kiasi kikubwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyafafanua mashairi hayo katika karne ya 19, na ambaye mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliutegemea ujuzi wake. Diwani ilipochapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri wake alikuwa William Hichens. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kusema kwa mshangao kwamba mtu aliyeitwa Sikujua ndiye aliyejua, na waliojua majina ya wachapishaji ndio waliojulikana. Sikuwa na la kumjibu.

Vivyo hivyo kwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mwimbaji, fundi wa kuchonga mbao na bingwa wa hati za Kiarabu. Wataalamu wa Ulaya, akiwamo Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea awaandikie na kuwanakilia tenzi, na hati za mkono wake leo zimehifadhiwa London na Hamburg. Kwa muda mrefu alitajwa kama mnakilishi, yaani mkono usio na kichwa. Ilikuwa hadi mwaka 2010 ambapo Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walihariri kitabu kilichobeba jina la Kijuma katika anwani yake. Mtu aliyefanya kazi ya uhariri, ya uteuzi na ya ufafanuzi alingoja zaidi ya miaka sitini baada ya kufa kwake ili aonekane jaladani. Hatuna budi kukiri kwamba neno mtoa habari limetusaidia sana katika kuchelewa huko.

Baada ya kujikosoa, sasa twaweza kuwageukia wenzetu wa sayansi kwa haki zaidi. Mfano ninaoujua na unaonipa matumaini ni wa Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Pale watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya wamekuwa wakichunguza mikoko kwa miongo kadhaa. Mtu wa lugha akizisoma ripoti za misitu hiyo huona jambo la kufurahisha: unene wa miti hupangwa kwa majina ya wakataji na wajenzi wenyewe, yaani fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa. Mvuvi wa Gazi hahitaji jina la Kilatini ili autenganishe mkoko na mchu, au mkandaa na muia. Na anajua kwamba mlilana ndio unaotangulia kukutana na bahari. Uainishaji huo ulikuwapo kabla ya maabara, nayo maabara ikaona manufaa kuupokea.

Kupokea maneno peke yake, hata hivyo, si ushirikiano. Mimi nami niliyapokea maneno ya yule mama. Gazi ilikwenda mbele zaidi. Kuanzia mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vimekuwa na mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117 za msitu na kuuza haki za hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti hiyo. Mradi una kamati ya wenyeji, na fedha zinazopatikana zimetumiwa katika mambo kama maji na shule. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hapa sayansi ilileta kile ambacho jicho la mkataji haliwezi kukipima, yaani kaboni iliyofukiwa topeni chini ya mizizi. Nao wenyeji walileta ujuzi wa msitu, ulinzi wake na uamuzi juu ya mapato. Kwa lugha ya yule bi kizee, tunaweza kuonyesha chombo ni cha nani na fungu la nani ni lipi. Sidai kwamba mradi huo hauna migogoro, kwa maana penye mgao hapakosi mzozo. Ninachodai ni kwamba mzozo juu ya mgao ni dalili ya shirika la kweli. Mimi na yule mama hatukuwa na la kuzozania, kwa kuwa kila kitu kilikuwa changu.

Kwa nini basi mifano ya namna hii ni michache? Yamkini msomaji atasema ni ubinafsi wa watafiti. Nadhani vikwazo ni vikubwa kuliko tabia ya mtu mmoja mmoja.

Kwanza, tunalitumia neno jumuiya kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Tukifika kijijini twaonana na chifu na wazee, tukapata baraka zao, tukaandika kwamba jumuiya imekubali. Je, wanawake wakusanyao kuni msituni walikuwapo? Je, mpangaji, mgeni wa kijiji na kijana asiye na shamba? Hata bi kizee wangu asingekuwapo mkekani siku ile kama mkutano ungefanyiwa ofisini.

Pili, muda wa utafiti si muda wa kijiji. Fedha hutolewa kwa miaka miwili au mitatu, na swali la utafiti hupangwa kabla ya mtafiti kukanyaga kijijini. Wenyeji huitwa kushauri juu ya namna ya kuulizwa, wala hawaitwi kushauri juu ya kitakachoulizwa.

Tatu, sheria za kupanda cheo vyuoni zinahesabu makala. Hazihesabu kaseti iliyorudishwa wala mkutano wa kusomea watu matokeo kwa lugha yao. Mhadhiri kijana anayetumia miezi mitatu kuyarudisha matokeo nyanjani anajipunguzia nafasi ya kazi yake mwenyewe. Twawafundisha maadili asubuhi, na jioni twawaadhibu kwa kuyafuata.

Nne, iko hofu kwamba mwenyeji akipewa kalamu, sayansi italegea. Hofu hii haifai kudharauliwa, kwa sababu mwenyeji naye hukosea na ana masilahi yake. Lakini jibu la kosa ni mabishano ya pande mbili. Nyota yangu ilihitaji kubishiwa, na haikupata mbishi kwa miaka kumi na miwili.

Katika suala la hofu upande wa pili, taaluma yetu ina jambo la kuchangia. Pwani nzima inazijua hadithi za mumiani, wale wanaosemekana kunyonya damu za watu ili zigeuzwe dawa. Watafiti wa afya wamezoea kuziita ujinga unaopaswa kuondolewa kwa elimu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichunguza hadithi za aina hiyo za Afrika ya Mashariki na ya Kati kama ushahidi wa historia. Sisi wahakiki twaweza kuongeza kwamba hadithi ya mumiani, kama masimulizi mengine, ina mantiki yake ya ndani: kuna kitu cha mwili wangu kinachochukuliwa, kinakwenda nisikokujua, na kinamtajirisha nisiyemwona. Fomu isiyosema damu itahifadhiwa wapi na kwa faida ya nani inaiandika hadithi hiyo upya kwa lugha rasmi.

Sheria nazo zimeanza kuyatambua mambo haya. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini, waliochoka kuchunguzwa, walitangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zilizojengwa juu ya heshima, ukweli, haki na kujali. Jambo la kuzingatia katika kanuni hizo ni aliyeziandika. Kwa kawaida mtafiti ndiye aletaye fomu na mwenyeji ndiye atiaye sahihi. Hapa mwenyeji ndiye aliyeleta waraka.

Narudi chini ya mwembe. Baada ya mkutano ule tuliketi na wanakijiji mara mbili zaidi. Waliomba mambo matatu: waelezwe damu itakaa wapi na kwa muda gani; matokeo yarudishwe na kusomwa hapohapo kijijini; na katika utafiti utakaofuata wao wawepo wakati wa kuchagua swali. Kubadilisha fomu kulihitaji idhini mpya ya jopo la maadili, na idhini hiyo ilichukua miezi minne. Watafiti walinung'unika, na kwa haki, kwa kuwa fedha zao zilikuwa zinahesabiwa siku. Maombi mawili ya kwanza yalikubaliwa. La tatu lilikataliwa kwa maelezo kwamba wafadhili ndio wenye kupanga maswali. Swali la bi kizee likawa limepata jibu lake: chombo kilikuwa cha wafadhili.

Hapo ndipo nilipoomba nirudishiwe tafsiri yangu. Nililifuta neno mshiriki kila lilipotokea, na badala yake nikaandika "mtu atakayetolewa damu". Mmoja wa watafiti alilalamika kwamba maneno hayo yanasikika makavu, na kwamba mshiriki lina heshima zaidi. Nikamjibu kwamba heshima ya neno haiwezi kulipwa kwa mkopo, na kwamba siku wanakijiji watakapoketi mezani swali linapochaguliwa, mimi mwenyewe nitalirudisha bila malipo.

Fomu ilisomwa tena. Bi kizee alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa nimejua mahali pangu," akatia dole gumba. Jirani yake aliposikia damu ingehifadhiwa miaka mingapi alikataa, akanyanyuka akaenda kuanua nguo zake, na hakuna aliyemfuata kumshawishi.

Kuhusu wimbo wa kiu, mimi na yule mwalimu wa Mombasa tumeiandika sura ya tatu upya, naye amelitia jina la bibi yake mwanzoni, na lake na langu chini. Kurasa kumi na nne zimekuwa sita. Dakika kumi na moja za kaseti nimempelekea katika simu yake. Aliniambia kwamba watoto wake huzisikiliza, na kwamba yule mdogo kila mara bibi anapouliza kama nimeshiba, humjibu.